Makosa ya kizembe kwenye mtihani wa hesabu: ukague njiani, mwishoni, au ulifanye swali mara mbili?

Kuna watu hesabu wanazijua kabisa, mpe chaki akufundishe na utaelewa, alafu matokeo yakitoka alama zimedondoka kwenye maswali mepesi, hapa hasi imesahaulika, pale swali limeuliza kipenyo yeye kajibu nusu kipenyo, kule 61 imegeuka 16 wakati wa kunakili. Na ushauri wanaopewa ni uleule kila siku, "uwe makini", ushauri ambao mi naona hauna kazi yoyote maana hakuna anayeingia kwenye chumba cha mtihani akiwa amepanga kutokuwa makini. Kinachosaidia ni kuwa na utaratibu wa kukagua, na hapo ndo ubishi unapoanza kwa sababu taratibu ziko kadhaa na kila mtu ana wake anaouapia.

Zinazogombaniwa sana ni tatu. Kuna kukagua mwishoni, yaani unapiga maswali yote fasta ili ubakize dakika za kurudi nyuma. Kuna kukagua njiani, swali huliachi mpaka umelitupia jicho la pili hapohapo. Alafu kuna kulifanya swali mara mbili kwa njia tofauti. Nazishindanisha hapa kwa makosa ambayo kila moja inayakamata na muda inaoula, maana njia inayokamata kila kitu lakini inakuacha na maswali kumi hujayagusa haina faida.

Kwanza, kosa lako ni lipi?

Huwezi kuchagua kabla hujajua hili. Makosa ya kizembe sio kitu kimoja, mi nayagawa manne. La kwanza ni la kusoma: swali limesema "ipi SIO kweli" we ukaona "ipi kweli", au limekupa kipenyo ukakitumia kama nusu kipenyo, eneo la duara likatoka mara 4 ya lile sahihi. La pili la kunakili, mstari wa tatu una 3x, mstari wa nne una 3 peke yake, x imeenda wapi hakuna anayejua. La tatu la kukokotoa, na hapa mfalme ni hasi mbele ya mabano: 5 − 2(x − 3) ni 11 − 2x, lakini mkono wenye haraka unaandika 5 − 2x − 6 na kuendelea na safari kama hakuna kilichotokea. Humo humo weka na wale wanaogawanya pande zote za alama ya kubwa kuliko (>) kwa namba hasi bila kugeuza alama. La nne ni la kujibu, hesabu yote iko sawa, umepata x = 4, ila swali lilitaka 2x + 3, jibu ni 11, na 4 iko pale kwenye machaguo inakusubiri. Haikuwekwa pale kwa bahati, watunga mitihani wanajua vizuri mtu ataishia wapi njiani.

Sasa angalia, la kusoma na la kujibu hayahusiani na kukokotoa hata kidogo. Mtu anaweza kurudia kuzidisha mara tano na bado akakosa. Hii ndo sababu watu wawili wenye "uzembe" sawa wanahitaji dawa tofauti.

Kukagua mwishoni

Hii ndo iliyozoeleka kuliko zote, walimu wengi wanaifundisha, na kwa maoni yangu ndo dhaifu kuliko zote vile inavyofanywa na wengi. Shida yake ya kwanza ni kwamba unakagua kazi yako mwenyewe kwa kuisoma, na macho yakipita kwenye kazi uliyoiandika dakika ishirini zilizopita yanaona ulichokusudia kuandika, sio kilichoandikwa. Umeandika 7 × 8 = 54, unapita unatikisa kichwa, sawa, sawa, unafungua ukurasa. Mtu mwingine angeliona kwa sekunde moja.

Shida ya pili ni muda, na hapa inategemea mtihani gani unafanya. SAT (mtihani wa kuingia vyuo vikuu vya Marekani) ya sa hizi ya kwenye kompyuta ina moduli mbili za hesabu, yaani sehemu mbili zenye muda wake, kila moja maswali 22 kwa dakika 35, kama sekunde 95 kwa swali, kwahiyo aliyejiandaa anaweza kubakiza dakika kadhaa. Ila jua kwamba "mwisho" hapo ni mwisho wa moduli sio mwisho wa mtihani, moduli ya kwanza ikishafungwa hairudiwi, na ndo hiyohiyo inayoamua moduli ya pili itakayokuja itakuwa ngumu au laini. Kwahiyo makosa ya kizembe mwanzoni yanaumiza mara mbili, yanakula alama na yanaweza kukupeleka kwenye moduli ya pili iliyo rahisi ambayo alama zake za juu zina dari. ACT, mwenzake SAT wa kuingia vyuo vya Marekani, ilivyobadilishwa 2025 ina maswali 45 ya hesabu kwa dakika 50, sekunde 67 hivi kwa swali, hapo kusema utabakiza dakika kumi za kukagua ni kujidanganya kwa watu wengi. GRE, ya wanaotaka shahada za uzamili, kwenye hesabu inakupa maswali 12 kwa dakika 21 alafu 15 kwa dakika 26, unaweza kurudi nyuma ndani ya sehemu hiyohiyo. GMAT ya sa hizi, ile ya wanaoomba vyuo vya biashara, ndo kali zaidi kwa hili, hesabu ni maswali 21 kwa dakika 45 bila kalkuleta, na hata ukimaliza mapema unaruhusiwa kubadilisha majibu 3 tu kwenye sehemu hiyo. Matatu! Mtu aliyezoea kukagua mwishoni akienda kule inabidi ajifunze upya.

Sasa inafaa wapi? Inafaa kwa maswali uliyoyawekea alama wakati unapita, yale ambayo moyo ulisita. Usianze swali la kwanza kushuka hadi la mwisho, utachoka kabla ya kufika kwenye yenye shida. Nenda kwenye yaliyowekewa alama tu, na ukifika funika kazi ya mwanzo kwa mkono au karatasi, soma swali kama hujawahi kuliona, fanya upya kwenye nafasi safi, ndo ulinganishe majibu. Ukiisoma ile ya zamani kwanza imeshakuteka.

Na kuna hii imani kwamba jibu la kwanza ndo sahihi, usibadilishe. Mwaka 2005 Justin Kruger, Derrick Wirtz na Dale Miller walitoa utafiti wao, waliangalia karatasi za mtihani wa wanafunzi zaidi ya 1,500 wa saikolojia chuo kikuu wakatafuta alama za kufutwa. Karibu nusu ya mabadiliko yalikuwa kutoka jibu baya kwenda zuri, na kama robo tu ndo yalitoka zuri kwenda baya. Ila watu wanakumbuka ile robo, maana kubadilisha jibu lililokuwa sahihi kunauma kuliko kuacha lililokuwa bovu. Ule haukuwa mtihani wa hesabu, lakini kwenye hesabu ndo kabisa, ukishaiona hasi iliyopotea huna sababu ya kubaki na jibu la kwanza eti kwa ajili ya hisia. Badilisha ukiwa na ushahidi, wasiwasi peke yake hautoshi.

Kukagua njiani

Hapa ndo mi nimesimama, kwa mtu wa kawaida mwenye mtihani wa kawaida. Lakini watu wengi wakisikia kukagua njiani wanafikiri ni kurudia kila hesabu kabla ya kuendelea, hapana, hiyo utaishia swali la 14 wakati kengele inalia. Ninachosema ni sekunde tano mpaka nane, mambo machache yaleyale kila swali, mpaka mkono uyazoee.

La kwanza na la lazima ni kurudi kwenye sentensi ya mwisho ya swali KABLA ya kuchagua jibu. Wanataka x au 2x + 3? Sentimita au mita? Ongezeko au jumla mpya baada ya kuongezeka? Hilo moja tu linamaliza makosa ya kujibu karibu yote na kipande kikubwa cha yale ya kusoma, kwa bei ya sekunde tatu. Wengine wanapiga mstari chini ya kinachoulizwa mwanzoni kabisa na hiyo ni nzuri pia, sema mstari wa mwanzoni unasahaulika ukishazama kwenye aljebra, kuangalia mwishoni mwa swali ndo kunakukuta na jibu mkononi.

La pili ni ukubwa. Jibu linaingia akilini? Uwezekano uliozidi 1 haupo. Upande wa pembetatu mraba uliozidi ule mrefu unaotazama pembe ya 90 haupo. Bei imepanda asilimia 20 alafu ikashuka asilimia 20, ukijibu imerudi palepale hujakagua kitu, imebaki asilimia 96 ya ile ya mwanzo, na hata bila kupiga hesabu unaweza kujua lazima iwe chini maana ile 20 ya pili imekatwa kwenye kitu kikubwa zaidi. Wastani wa namba zilizo kati ya 10 na 30 ukatoka 34, kuna mtu kagawa vibaya. Na mita ya mraba ina sentimita za mraba 10,000, sio 100, hilo linapoteza watu kila mwaka na kukagua ukubwa kunalinasa ukijiuliza sekunde moja tu hiki chumba kina ukubwa gani.

La tatu ishara, macho yapite kwenye mstari wenye mabano tu. Sio mistari yote.

Hesabu ya muda wenyewe: sekunde 8 mara maswali 22 ni kama dakika 3 kwenye zile 35 za SAT, zinabebeka. Kwenye ACT sekunde 8 mara 45 ni dakika 6 nzima kwenye 50, hapo nitapunguza, nitabaki na sentensi ya mwisho peke yake na ukubwa kwenye maswali ya maneno. Udhaifu wa njia hii ni kwamba kosa la kukokotoa lililotoa jibu lenye ukubwa wa kawaida linapita. 630 ikawa 620, akili haitashtuka. Na kosa la kusoma lililofanyika mwanzoni kabisa likaonekana la kawaida nalo linaweza kupenya, kama yule wa "SIO", ingawa ukirudi kwenye sentensi ya mwisho mara nyingi neno lenyewe liko hapo.

Kulifanya mara mbili

Ukitaka uhakika hakuna inayoizidi hii, na ni ghali. Sharti lake njia ya pili iwe tofauti kweli, kwa sababu ukirudia njia ileile unarudia na kosa lilelile. 18 × 35 umeipiga kwa kawaida, ihakiki kwa 9 × 70, zote 630. Mlinganyo umeutatua, rudisha jibu ndani. Na kuna milinganyo ambayo kurudisha jibu sio anasa, ni sehemu ya kazi, chukua kipeuo cha pili cha (x + 6) ni sawa na x: ukipandisha pande zote kwenye mraba unapata 3 na −2, lakini −2 ukiirudisha upande mmoja unatoa 2 mwingine −2, inatupwa. Asiyerudisha anajibu zote mbili na hajui kakosea nini.

Ila sikiliza, kurudisha jibu ndani kuna mtego ambao wapambe wake hawausemi. Baba ana umri mara 3 ya mwanae, baada ya miaka 10 atakuwa na mara 2, je baba atakuwa na miaka mingapi wakati huo? Unaandika 3m + 10 = 2(m + 10), m ni 10, unarudisha, 40 = 40, safi kabisa, raha, unachagua 10. Au 30. Jibu ni 40. Kurudisha jibu kwenye mlinganyo kumekuhakikishia kwamba umetatua mlinganyo vizuri, hakujakwambia kitu kuhusu swali lilitaka nini, na kama mlinganyo wenyewe ungeuandika vibaya kungekupongeza vilevile. Kwahiyo ukirudisha, rudisha kwenye maneno ya swali: leo mtoto 10 baba 30, mara 3 ndio, baada ya miaka kumi 20 na 40, mara 2 ndio, alafu macho kwenye sentensi ya mwisho.

Kwa kuzidisha kwa mkono kuna hila ya zamani ya kujumlisha tarakimu na kutupa tisa. 47 × 36 umepata 1692. 47 inatoa 11 inatoa 2, 36 inatoa 9 ambayo ni sifuri, 2 mara 0 ni 0, na 1692 inatoa 18, nayo sifuri. Imepita. Tatizo ni kwamba 1962 nayo ingepita, maana tarakimu ni zilezile zimebadilishana nafasi tu, na kubadilisha nafasi ndo kosa ambalo mkono wenye haraka unalipenda. Kukadiria kunalinasa: 50 × 36 ni 1800, jibu lazima liwe chini yake, 1962 nje. Ndo maana kati ya hila hizi mbili mi nachagua kukadiria hata kama ile ya tisa ina utamu wake.

Sasa kalkuleta. Kwenye SAT ya kompyuta Desmos, kalkuleta ya kuchora grafu, iko ndani ya programu ya mtihani na inaruhusiwa kwenye maswali yote ya hesabu, kwahiyo njia ya pili inakuwa rahisi ajabu, umetatua kwa mkono, unachora mistari miwili unaona imekatana wapi, sekunde kumi na tano. Hapo kufanya mara mbili kunashuka bei mpaka nalipendekeza kwa kila swali la milinganyo ambalo hujaliamini. Lakini kalkuleta ina uzembe wake, ukiandika −3 kipeo cha 2 bila mabano inakupa −9 na haijakosea, we ndo umeiambia hivyo, andika (−3) kwenye mabano. Sehemu yenye jumla chini ya mstari nayo hivyohivyo. Mtu anayehama kutoka makosa ya mkono kwenda makosa ya kuandika kwenye skrini hajapunguza kitu, kabadilisha tu aina, na haya mapya ni mabaya zaidi kwa vile hayaachi mistari ya kufuatilia.

Kwahiyo nani achague nini

Kama makosa yako mengi ni ya kusoma na kujibu, kagua njiani na usipoteze dakika kurudia hesabu, utakuwa unapima kitu ambacho hakina ugonjwa. Kama ni ya kukokotoa na mtihani unaruhusu kalkuleta, changanya njiani na mara mbili kwa yale ya aljebra. Kama ni ya kukokotoa na kalkuleta hakuna, mfano GMAT, kadiria kila kitu na andika hatua, usiruke, kwa sababu huna cha kukuokoa baadaye na yale majibu 3 ya kubadilisha yaweke akiba kwa maswali yaliyokusumbua kweli. Kama ni ya kunakili, hakuna kati ya hizi tatu inayokusaidia sana, dawa ni mpangilio wa karatasi ya rafu: kila swali namba yake, mistari ishuke chini sio kwenda pembeni, alama za usawa zipangane. Inaonekana ya kitoto, najua. Lakini x inayopotea inapotelea kwenye kona iliyobanwa kati ya maswali mawili.

Kwa mashindano ya hesabu ya Marekani kama AMC 10 na 12 hesabu ya faida inabadilika, maswali 25 dakika 75, swali sahihi alama 6, ulilosahau au kuacha 1.5, ulilokosea sifuri. Hapo kuhakikisha swali ambalo unaliweza kuna thamani kuliko kukimbilia la 23 ukabahatishe, na kwa dakika 3 kwa swali nafasi ya kufanya mara mbili ipo. Kwenye SAT toka 2016 kukosea hakukati alama kwahiyo usiache wazi kitu.

Na unajuaje yako ni ya aina gani? Daftari la makosa, na hili halishindani na zile tatu, linazichagulia. Baada ya kila mtihani wa mazoezi andika kosa lilivyotokea, sio "uzembe", neno hilo lipige marufuku kwenye daftari. Andika "sikupeleka hasi kwenye namba ya pili ndani ya mabano", andika "sikusoma neno angalau". Wengine wanaona bora muda huo wafanye mtihani mwingine wa mazoezi, mi nakataa, mitihani mitano bila daftari inakufundisha kurudia makosa yaleyale kwa kasi zaidi. Baada ya mitihani miwili mitatu utaona sehemu kubwa iko kwenye aina moja au mbili, na hapo kuchagua kunakuwa rahisi.

Limebaki la kuandika jibu lenyewe. Kwenye SAT karibu robo ya maswali ya hesabu unaandika jibu mwenyewe bila machaguo, na kuna alama zinapotea hapo kwa watu waliokwisha kupata jibu: tatu na nusu usiandike 3 1/2, itasomwa 31/2, andika 3.5 au 7/2. Theluthi mbili andika 2/3 au ujaze nafasi, .6666 au .6667, ukiandika 0.67 umekosa. Kwa mitihani ya karatasi yenye viduara vya kusiliba, kuna wanaohamisha jibu moja moja na kuna wanaosubiri mpaka mwisho kabisa. Wa mwisho kabisa wanacheza na moto, muda ukiisha huna kitu kwenye karatasi inayosahihishwa. Mi naenda na ukurasa kwa ukurasa, zungushia majibu kwenye kijitabu, ukimaliza ukurasa hamisha yote kwa mpigo huku ukitaja namba ya swali na herufi kimoyomoyo, ukiruka swali hutateleza mstari, na zikibaki dakika tano badilisha, hamisha moja moja.